Moyo Ukivimba: Kwa Nini Koo la Mtoto Lisichukuliwe kwa Mzaha

Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya mbuzi wa maziwa, mitaro ya kuzuia mmomonyoko wa udongo, na jinsi mweka hazina anavyopaswa kuandika vitabu vya kikundi. Leo tunaomba nafasi tuzungumze juu ya moyo. Hatusemi ule moyo wa toba unaohubiriwa Jumapili. Tunasema nyama yenyewe iliyo kifuani, ukubwa wake kama ngumi ya mwenye nao.

Sababu ya kuandika ni hii. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 55 wanaishi na ugonjwa wa moyo uliotokana na homa ya viungo, na zaidi ya 300,000 hufa kila mwaka. Wengi wao ni watu wa nchi kama zetu, na wengi huanza kuugua wakiwa bado wanavaa yunifomu ya shule ya msingi. Jambo la kusikitisha ni kwamba ugonjwa huu mara nyingi huanzia kwenye koo, na koo ni kitu ambacho zahanati yo yote inaweza kutibu.

Lakini kabla hatujafika kooni, tuuangalie moyo kwanza.

KAZI YA MOYO

Moyo wa mtu mzima hupiga kama mara 100,000 kwa siku. Kila dakika husukuma damu lita 5 hivi, akiwa ameketi tu. Ukizidisha, utapata zaidi ya lita 7,000 kwa siku, yaani mitungi 360 ya lita 20. Mama anayepanda kilima kutoka mtoni ajua mtungi mmoja tu unavyolemea mgongo. Sasa moyo hauna Jumapili, hauna likizo, hauna usiku.

Kazi hiyo hufanywa na chembe ndogo sana za nyama ambazo wataalamu huziita seli za misuli ya moyo. Hazionekani kwa macho. Zimeshikana kichwa kwa mkia, tena zina matawi, hata moja ikipokea amri ya umeme ya kujikaza huipitisha kwa jirani yake papo hapo. Ndani ya kila seli kuna nyuzi za protini zinazovutana. Kinachoziamsha ni madini ya kalsiamu: yakiingia nyuzi hujikaza, yakitolewa nyuzi hulegea. Kisha kuna vijiko vya kupikia nguvu, vinavyoitwa mitokondria. Katika seli ya moyo vijiko hivi huchukua kama theluthi moja ya nafasi yote, kwa kuwa kazi ni nyingi na kuni zake ni oksijeni na chakula kutoka kwenye damu.

Kuna tofauti moja kubwa kati ya seli hizi na zile za ngozi. Ukijikata na panga, ngozi hujijaza yenyewe. Seli za moyo hazizaani hivyo. Mwaka 2009 watafiti wa Stockholm, kule Swideni, walichapisha hesabu ya ajabu kidogo. Mabomu ya nyuklia yaliyojaribiwa miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 yaliongeza aina fulani ya kaboni hewani, na kila kiumbe kikaipokea kupitia chakula. Wataalamu hao waliitumia kama muhuri wa tarehe, wakapima seli za moyo zilizaliwa mwaka gani. Wakaona kwamba mtu wa miaka 25 hubadilisha seli za misuli ya moyo kiasi cha moja tu katika kila mia kwa mwaka, na akifika miaka 75 hata nusu ya hiyo haifiki. Kwa hiyo sehemu kubwa ya misuli ya moyo uliyopewa utotoni ndiyo utakayozikwa nayo. (Mabomu ya maangamizi yakatufundisha habari za moyo, tuwaachie wahubiri hayo.)

MOYO UKISHIKA MOTO

Ukidungwa na mwiba, pale mahali huwa pekundu, pakavimba, pakapata joto na maumivu. Hiyo ni kazi ya askari wa mwili waliokuja kupigana na uchafu. Kiswahili cha vitabu huiita hali hiyo mchochota. Basi mchochota unaweza kuingia hata kwenye misuli ya moyo. Mara nyingi huletwa na virusi, vile vile vya mafua na homa za kuharisha. Tumeona pia COVID-19 ikifanya hivyo kwa watu wengine. Mara nyingine huletwa na sumu ya dondakoo, ama na homa ya viungo ambayo tutaieleza.

Seli ya moyo ikizungukwa na moto huo hufanya nini? Zamani ilidhaniwa kwamba moyo ukidhoofika basi seli zimekufa. Kumbe sivyo. Askari wa mwili wakipigana hutoa kemikali za kuitana, kama watu wanavyopiga mbiu mwizi akionekana. Kemikali hizo huifikia seli ya moyo na kuvuruga mwendo wa kalsiamu, nazo vijiko vyake vya nguvu hupunguza moto. Maji nayo hujaa kati ya seli, misuli ikawa mizito kama blanketi lililonyeshewa. Seli haijafa, ni kama imepigwa ganzi. Inavuta, lakini inavuta kwa unyonge. Mgonjwa huona uchovu, anatweta akitembea kidogo, moyo unaenda mbio, pengine na kifua kinauma.

Hapo ndipo kuna habari njema. Mchochota ukiisha mapema, seli iliyopigwa ganzi huweza kurudi kazini. Askari waliokuja kupigana hubadilisha kazi: wale wale waliokuwa wakiua sasa wanazoa takataka na kutoa kemikali za kuponya. Seli yenyewe huvunja protini zilizoharibika na kuunda mpya. Ifananishe na baiskeli ya mzee, ambayo kiunzi ni kile kile cha tangu ujana wake, lakini mnyororo, tairi na breki vimebadilishwa mara nyingi. Seli ni kuukuu, vipuri vyake ni vipya. Watu wengi waliopata mchochota wa moyo kwa sababu ya virusi hupona namna hii katika majuma au miezi michache.

Lakini si seli zote hubahatika. Nyingine huuawa na virusi, au na askari wenyewe katika vurugu. Seli ya moyo ikipasuka, protini yake moja iitwayo troponini huvuja kwenye damu, na hospitali kubwa huweza kuipima na kujua kwamba misuli inaumia. Mahali ilipokufa hapabaki shimo. Huja seli za aina nyingine na kupafunga kwa kovu, na kovu ni kama kiraka cha gunia kwenye shati: linaziba, ila halivuti wala halipitishi umeme vizuri. Ndiyo maana wengine waliopona huendelea kusumbuliwa na mapigo yasiyo na mpango.

Na zile zilizobaki je? Zinagawana mzigo. Nyinyi wa vikundi mwajua haya. Wanachama 20 wakichimba bwawa na 5 wakaugua, bwawa bado litachimbwa, lakini wale 15 watatoka jasho la 20. Seli zilizobaki haziwezi kuongezeka kwa idadi, basi hunenepa kwa ukubwa. Kwa muda husaidia. Miaka ikipita zinachoka, moyo unatanuka kama mpira wa zamani uliopoteza mvuto.

Kwa sababu hii daktari akimwambia mgonjwa apumzike, si maneno ya kujaza karatasi. Mwaka 1970 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya majaribio na panya walioambukizwa virusi vya moyo. Panya waliolazimishwa kuogelea walikuwa na virusi vingi zaidi moyoni, tena walikufa wengi kuliko wale walioachwa watulie. Kwa watu, ushauri wa miaka mingi umekuwa kukaa mbali na michezo na kazi za sulubu kwa miezi 3 hadi 6 baada ya mchochota wa misuli ya moyo, na siku hizi daktari huweza kufupisha au kurefusha kulingana na vipimo. Tunajua kijijini kupumzika ni vigumu. Mtu akitoka hospitali akiwa anatembea, kesho yake anaulizwa kwa nini hajaenda kukata nyasi ya ng'ombe. Hasa akiwa ni mama. Ni afadhali kikundi kimlimie shamba msimu mmoja kuliko kumlimia kaburi, samahani kwa kusema wazi.

SASA TURUDI KOONI

Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka 9. Anaamka na homa, kumeza mate ni taabu, chini ya taya kumevimba na kunauma akiguswa. Hana kikohozi, hana kamasi. Nyanya yake anampa maji ya moto na chumvi. Pengine jirani anashauri apelekwe akakatwe kimio. Siku ya nne homa imeshuka, siku ya sita yuko uwanjani anacheza mpira. Kila mtu amesahau.

Majuma mawili au matatu baadaye goti linavimba. Linauma hata shuka likiligusa. Siku chache, goti limepona lakini sasa ni kifundo cha mguu wa pili, halafu kiwiko. Watu wanasema ni baridi, ama alianguka akificha, ama mifupa inakua. Mtoto mwingine haumwi viungo kabisa, ila mikono na uso vinaanza kuchezacheza bila mpango; anaangusha kikombe, mwandiko unaharibika, mwalimu anamwadhibu kwa utundu, na nyumbani wanasema amerogwa. Huyo si mtundu, wala hajarogwa. Maumivu ya kuhamahama kwenye viungo na mikono isiyotulia ni dalili za ugonjwa mmoja, homa ya viungo, na huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15.

Ni hivi: koo lile liliingiwa na bakteria aitwaye streptokokasi. Mwili ukatengeneza kingamwili za kumpiga. Kwa bahati mbaya koti la bakteria huyo lina protini inayofanana na protini ya nyuzi za misuli ya moyo. Kwa hiyo katika watoto wengine, askari waliofunzwa kumkamata mwizi kwa koti lake wanamgeukia mwenye nyumba aliyevaa koti kama hilo. Bakteria amekwisha kuondoka, lakini moyo unapigwa.

Sasa angalieni jambo ambalo wengi hawalijui. Katika homa ya viungo, mchochota huingia ndani na nje ya moyo, pamoja na misuli yenyewe. Lakini misuli kwa kawaida hupona! Seli zake zinapigwa, zinalegea, halafu zinarudi kazini kwa namna tuliyokwisha eleza. Kisichopona vizuri ni milango ya moyo, yaani vali. Vali ni ngozi nyembamba zinazofunguka na kufungwa mara 100,000 kila siku ili damu isirudi nyuma. Zikivimba zinapata kovu, kovu linazikaza, kingo zinashikamana. Shambulio moja linaweza kuacha kovu dogo tu. Streptokokasi akirudi tena mwaka ujao, askari wanakumbuka makosa yao ya kwanza na kuyarudia kwa nguvu zaidi. Kovu juu ya kovu.

Matokeo yake ni kwamba ile misuli iliyopona salama sasa inasukuma damu kupitia mlango usiofunguka, au mlango usiofungika na kila lita inayopelekwa mbele nusu yake inarudi nyuma. Seli zinanenepa kubeba mzigo, kisha zinachoka. Moto haukuziua, lakini mlango mbovu utaziua pole pole kwa miaka 10 au 20. Kijana anakuja hospitali miguu imevimba, hawezi kulala chali, na akiulizwa habari za utotoni anasema, "Nilikuwa naumwa magoti kidogo tu."

MAMBO YA KUFANYA

Makoo mengi yanayouma huletwa na virusi, huja na mafua na kikohozi, na penisilini haiyasaidii kitu. Lakini koo lenye homa ya ghafula, uvimbe chini ya taya, pengine na madoa meupe kooni, bila kikohozi, lipelekwe zahanati. Si lazima iwe usiku huo huo kwa pikipiki ya kukopa. Penisilini ikianzwa ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma bado inazuia homa ya viungo. Inaweza kuwa sindano moja ya benzathini penisilini, au vidonge vya siku 10. Vidonge vya siku 10 ni vya siku 10. Tunajua mnavyofanya: siku ya tatu mtoto amepata nafuu, vilivyobaki vinawekwa juu ya kabati vimngoje mdogo wake. Hivyo hakuna aliyetibiwa, si huyu wala yule. Kukata kimio nako hakumfukuzi bakteria, na kisu kinaweza kuleta ugonjwa mwingine.

Mtoto ambaye tayari amepata homa ya viungo ana kazi ndefu zaidi. Anahitaji sindano ya benzathini penisilini kila majuma 3 au 4, ili streptokokasi asipate nafasi ya kurudi. Kwa walio wengi ni miaka 5 hadi 10 au mpaka umri wa miaka 21, na aliye na vali zilizoharibika huweza kuambiwa aendelee mpaka miaka 40. Sindano hii inauma, hatutadanganya. Tena inatolewa kwa mtoto anayejiona mzima, na hapo ndipo familia nyingi hushindwa. Nauli imepanda, mvua imeharibu barabara, mtoto analia, na baba anauliza, "Huyu anaumwa nini?"

Faida yake imepimwa karibu nasi, kule kaskazini mwa Uganda. Watoto na vijana 818 waliopatikana na ugonjwa huu ukiwa bado mchanga, kabla ya dalili zo zote, waligawanywa mafungu mawili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Baada ya miaka 2, katika wale waliodungwa kila mwezi, ugonjwa uliendelea kwa watoto 3 tu. Katika fungu lisilodungwa uliendelea kwa watoto 33. Hesabu hiyo hata mwanachama asiyejua kusoma anaielewa.

Hapa kikundi kinaweza kufanya kitu ambacho daktari hawezi. Daktari anamwona mtoto dakika 10. Nyinyi mnakutana kila juma. Katibu akiandika tarehe ya sindano ya mtoto wa mwanachama pembeni mwa daftari la mahudhurio, itasomwa pamoja na marejesho ya mikopo, na haitasahaulika. Mwanachama mmoja anayekwenda soko la karibu na zahanati siku hiyo ampeleke na mtoto wa mwenzake. Kikundi kikiwa na mfuko wa dharura, nauli ya mara moja kwa mwezi ni pesa kidogo ukilinganisha na harambee ya upasuaji. Hospitali kama Kenyatta na Mater za Nairobi, na Tenwek kule Bomet, zimefanya upasuaji wa vali, na tunamshukuru Mungu kwa mikono hiyo. Ila mtu akiwekewa vali ya chuma atameza dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote, na kupimwa damu mara kwa mara. Hata baada ya hapo sindano za penisilini zinaendelea.

Juu ya sindano yenyewe: mweleze mhudumu kama mtoto amewahi kudhurika na penisilini. Asiende na njaa, anywe maji, adungwe akiwa amelala, kisha angoje hapo kituoni kwa muda kabla ya kuondoka. Ambaye vali zake zimeharibika sana na moyo umechoka aulize daktari kama vidonge vitamfaa zaidi, maana wagonjwa wa namna hiyo huweza kuzimia hatari baada ya sindano. Aspirini hutuliza viungo, lakini haijaonyeshwa kwamba inazuia kovu la vali, na mtoto mwenye homa asipewe aspirini bila ushauri wa mganga.

Tuliitaja dondakoo hapo juu. Huu pia ni ugonjwa wa koo unaokwenda moyoni, ila kwa njia nyingine: bakteria wake hutoa sumu inayoingia ndani ya seli na kuizuia isitengeneze protini. Ile baiskeli tuliyosema haipati vipuri tena. Mtoto anaweza kuonekana koo limepata nafuu kisha moyo ukashindwa juma la pili. Chanjo yake imo katika ile sindano ya watoto wachanga ya majuma 6, 10 na 14. Angalieni kadi.

Mwisho ni habari ya akina mama. Mwanamke mwenye vali mbovu anaweza kulima, kuchota maji na kuimba kwaya miaka mingi bila kujua. Akishika mimba, damu mwilini huongezeka karibu nusu ya ile ya kawaida, na seli zile zilizokuwa zikistahimili zinalemewa. Kuanzia mwezi wa tano au wa sita anaanza kutweta, anaamka usiku kutafuta hewa, na wenzake wanamwambia ni mtoto tu anasukuma kifua. Msichana au mama ye yote aliyewahi kuumwa viungo vya kuhamahama utotoni amwambie mhudumu wa kliniki katika ziara ya kwanza kabisa, hata kama aliugua akiwa darasa la tatu na mama yake alisema ni baridi.